Ndoano za Kufuatilia Sifa za Vitu

Ndoano ya kufuatilia sifa ni kipande cha msimbo kinachotekelezwa pindi thamani iliyomo ndani ya kitu inapobadilishwa. Katika JavaScript, lugha inayoendesha kurasa nyingi za wavuti, kitu ni mkusanyo wa sifa zenye majina, kila moja na thamani yake.

Mfano wa bei za mazao utaonyesha kwa nini ndoano inahitajika. Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara nchini Tanzania, ni mji wa wakulima wa mahindi na mbaazi. Soko kuu la mbaazi hizo ni India, kwa hiyo bei huamuliwa mbali na shamba: mwezi Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza tani 200,000 kwa mwaka, bei iliporomoka Tanzania. Tuchukue ukurasa wa bei za mazao wenye kitu kiitwacho zao, chenye sifa za jina na bei. Msimbo ukitamka zao.bei = 900, namba iliyo katika kumbukumbu ya kompyuta hubadilika papo hapo, ila iliyo kwenye skrini hubaki ya zamani. Mkulima anayeitegemea simu yake atapatana na mnunuzi kwa bei iliyopitwa na wakati. JavaScript haitangazi badiliko hilo yenyewe. Mwandishi wa programu ndiye anayetega ndoano.

Ndoano ya mapema, Object.watch, ilikuja na kivinjari cha Netscape Navigator 4 mwaka 1997. Kivinjari cha Firefox kiliirithi, lakini haikuingia katika kiwango rasmi cha lugha, na mwaka 2018 iliondolewa katika toleo la 58 la Firefox.

Njia sanifu ilipatikana Desemba 2009: Object.defineProperty. Hapa sifa hugeuzwa kuwa jozi ya funksheni, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika. Thamani yenyewe huhifadhiwa mahali pengine, kwa mfano katika kigeu _bei. Funksheni ya kuandika ikithubutu kuandika zao.bei, itajiita yenyewe tena na tena mpaka programu ikwame.

Vue 2, toleo la pili la Vue, zana ya JavaScript ya kujengea kurasa za wavuti, iliyotoka 2016, ilijengwa juu ya njia hiyo na kurithi upungufu wake. Ndoano hukaa kwenye sifa iliyokwishajulikana tu. Sifa mpya kama zao.soko ikiongezwa baadaye, au ya zamani ikifutwa, hakuna kinachoshtuka. Ndiyo sababu watumiaji wake walipewa Vue.set.

Proxy, iliyoingia katika kiwango cha mwaka 2015, huhamishia ulinzi kwenye kitu kizima. Husimama kama dalali kati ya mnunuzi na ghala: kila ombi la kusoma, kuandika, kuongeza au kufuta hupita kwake, naye hutoa taarifa kisha hulikamilisha kwa Reflect.set au mwenzake. Vue 3, ya Septemba 2020, ilihamia huko.

Hata hivyo, Proxy huona yale tu yanayopita kwake. Msimbo ukikishika kitu cha asili moja kwa moja, badiliko hupita kimyakimya. Vilevile, zao.soko ikiwa kitu chenye sifa zake, kuandika zao.soko.mji = "Babati" hakuonekani mpaka kitu hicho cha ndani nacho kipewe Proxy yake; Vue 3 hufanya hivyo kinaposomwa kwa mara ya kwanza.