Ndege Iliyochelewa: Mulago na kirusi kilichopewa majina ya London

Anthony Epstein alifariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Mwezi uliofuata, kirusi kinachobeba jina lake kilitimiza miaka 60 tangu kitangazwe kwa ulimwengu. Kimo mwilini mwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, nacho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Habari zake husimuliwa kuanzia maabara moja ya London. Zinapaswa kuanzia kilima cha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt, Muairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa wodini katika Hospitali ya Mulago na mwenzake Hugh Trowell akamtazame mtoto aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu akamwona mwingine katika mji wa Jinja. Burkitt akarudi kwenye majalada, na bahati nzuri majalada yalikuwapo. Chini ya Profesa Jack Davies, idara ya patholojia ya Chuo cha Makerere, hapo hapo Mulago, ilikuwa imeanzisha daftari la saratani la Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kila uvimbe uliopimwa uliingizwa humo. Mmarekani Gregory O'Conor, aliyefanya kazi katika idara hiyo hiyo, ndiye aliyeonyesha kwamba uvimbe wa watoto wale ni limfoma, yaani saratani ya chembechembe za kinga. Makala ya Burkitt ya 1958 haikumshtua mtu. Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford, akasafiri na madaktari wawili wa misheni kilomita zipatazo 16,000 hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi watoto wanaugua hivyo. Jibu lilikuwa moja: kwenye joto na mvua nyingi, kule kule kunakotawala malaria.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa London akitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, na tayari akagusia dalili za awali kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua. Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Kazi yake ilikuwa kuchunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku, na alikuwa amejifunza hadubini ya elektroni New York. Alisimulia baadaye kwamba mhadhara ulipokuwa ukiendelea alishaamua kuacha kila kitu. Ugonjwa unaofuata joto na mvua, aliwaza, lazima una kijidudu nyuma yake. Wakapatana: Mulago ingetuma vipande vya uvimbe, London ingetafuta kirusi. Epstein mwenyewe akafunga safari kwenda Kampala kuona mambo yatakavyopangwa.

Kwa miaka miwili vipande vilipakiwa kwenye ndege za usiku kutoka Entebbe. Kwa miaka miwili hakikuonekana kitu. Chembe hazikukubali kuota kwenye chupa, na hadubini haikuonyesha kirusi chochote.

Ijumaa moja ya Desemba 1963, ukungu uliifunika London na ndege kutoka Uganda ikalazimika kutua Manchester. Kifurushi kilifika maabara alasiri, wakati watu wakijiandaa kwenda nyumbani. Maji yaliyobeba kipande yalikuwa yamechafuka, na dalili hiyo kwa kawaida ni ya bakteria. Mtu mwingine angemwaga. Epstein akadondosha tone chini ya hadubini kwanza, akakuta halina bakteria hata mmoja: lilijaa chembe hai za saratani, zimebanduka kutoka kwenye kipande kwa mtikisiko wa safari, zinaelea. Akaziacha zielee hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza zikaota.

Februari 1964, kwenye kipande cha kwanza alichokitazama kwa hadubini ya elektroni, akakiona kirusi. Kwa simulizi lake, alizima mashine kwa kuogopa isije ikakiunguza, akatoka nje bila koti akazunguka mtaa kwenye theluji hadi moyo ulipotulia. Mwezi mmoja baadaye jarida la The Lancet likachapisha taarifa yenye majina matatu: Epstein, Bert Achong kutoka Trinidad, na Yvonne Barr. Chembe zikavuka tena bahari hadi kwa wataalamu wa virusi Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia, wakathibitisha kwamba ni kirusi kipya.

Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Jina la Achong, aliyekaa nao kwenye hadubini ile ile, likadondoka, na ugonjwa ukabaki na jina la Burkitt. Mulago haikupewa herufi hata moja. Wauguzi na wahudumu wa maabara walioviandaa vipande na kuvifikisha Entebbe hawatajwi, wala watoto wenyewe, ambao bila miili yao hapangekuwa na cha kutazama. Deni hili halijalipwa, na wa kwanza kudaiwa ni sisi. Wangapi wanaosomea udaktari Afrika Mashariki leo wanajua kwamba sura hii ya sayansi ya saratani iliandikwa kwanza kwenye daftari la Makerere?

Makerere yenyewe haikuridhika na kupeleka sampuli tu. Mwaka 1967, kwa ushirikiano na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, Mulago ilifungua kituo cha kutibu limfoma chini ya Mmarekani John Ziegler, na watoto wengi wakapona kwa dawa. Idi Amin alipoivuruga nchi, Wamarekani waliondoka, lakini kituo hakikufungwa. Daktari Charles Olweny, Mganda, alikishika wakati dawa zikiadimika na wenzake wakikimbia nchi. Kwa maoni yangu, uvumilivu huo unastahili kusimuliwa mara nyingi kuliko ukungu wa London.

Kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo, na tangu 2015 ina jengo jipya lililojengwa pamoja na kituo cha saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle. Limfoma ya Burkitt bado iko, na hutibika mtoto akiwahishwa. Wengi wanaletwa wakiwa wamechelewa.