Kofia Iliyochelewa Miaka 68

Mwaka 1935 ulichukua watu wawili wa magurudumu mawili. Mwezi Mei, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana bega kwa bega na Waarabu dhidi ya Waturuki, alikuwa juu ya pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake huko Dorset. Akawakuta wavulana wawili wa baiskeli njiani, akawakwepa, akarushwa. Alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19. Mwezi Julai, Francisco Cepeda wa Hispania alianguka akiteremka mlima Galibier kwenye Tour de France. Fuvu lilipasuka, naye akafa siku tatu baadaye. Lawrence hakuvaa chochote kichwani. Wenzake Cepeda enzi hizo walivaa kofia ya kitambaa yenye ukingo mdogo wa kukinga jua.

Kifo cha Lawrence kilipata mtu wa kukifuatilia. Miongoni mwa madaktari walioitwa kitandani pake alikuwamo Hugh Cairns, Mwaustralia bingwa wa upasuaji wa ubongo, na kesi hiyo haikumtoka akilini. Mwaka 1941 alichapisha katika British Medical Journal makala kuhusu majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki. Helmeti zilikuwa adimu kiasi kwamba alipata majeruhi saba tu waliokuwa wamezivaa, na wote saba walipona. Novemba mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wa pikipiki wavae. Askari haombwi maoni. Raia wao walingoja hadi 1973 ndipo sheria ikawafikia.

Cepeda hakupata Cairns wake. Mashindano yaliendelea, na kichwa cha mwendesha baiskeli kikabaki mali yake mwenyewe kwa miaka 68.

Nasema haya nikiwa fundi. Nimerithi kibanda cha mjomba wangu hapa Kisumu, nashughulika na spoku, cheni na breki, na tangu zamani nafuata mbio za Ulaya kama wengine wanavyofuata kandanda ya Gor Mahia. Vijana huniletea helmeti za mitumba kutoka soko la Kibuye, nzuri kweli, zimewahi kuvaliwa Ubelgiji au Ujerumani, wakitaka niwabadilishie mkanda. Kabla sijagusa mkanda naigeuza, naikagua ndani. Helmeti ya baiskeli kwa hakika ni povu gumu, jamii moja na lile linalofungiwa televisheni kwenye katoni. Ganda la juu ni la kulishikilia tu. Ukianguka, povu linapondwa, na kule kupondwa kwake ndiko kunakopunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kwenye ubongo. Likishapondwa halijai tena. Kwa hiyo nikiona ufa, hata mwembamba kama unywele, namwambia kijana amenunua helmeti iliyokwisha kumfanyia kazi Mzungu fulani. Hawapendi kusikia hivyo.

Povu hilo halina umri mkubwa. Waliotaka kinga zamani walivaa vipande vya ngozi vilivyojazwa na kushonwa kama kimia, ambavyo viliokoa ngozi ya kichwa isichubuke na si zaidi. Mwaka 1975 kampuni ya Bell ya Marekani ikatoa helmeti ya povu kwa waendesha baiskeli, ikiitwa Bell Biker. Dawa ikawa imepatikana. Wakimbiaji wa kulipwa wakaitazama, wakaiacha. Walisema inachemsha kichwa mlimani, ni nzito, na mashabiki hawataona nyuso zao. Mimi hiyo sababu ya mwisho naiamini kuliko zote.

Mwaka 1991 Chama cha Kimataifa cha Baiskeli, UCI, kilijaribu kulazimisha. Kwenye mbio za Paris–Nice wakimbiaji wakagoma, na UCI ikarudi nyuma. Hawakuwa watoto wale. Walikuwa watu wazima wanaoteremka milima kwa kilomita 80 au 90 kwa saa, juu ya matairi membamba kuliko kidole gumba, na waligomea kofia.

Tarehe 18 Julai 1995, Fabio Casartelli wa Italia, kijana wa miaka 24 aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki Barcelona miaka mitatu kabla, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika milima ya Pyrenees. Kando ya barabara hiyo kulipangwa vitalu vya zege, na kichwa chake kikakutana na kimoja. Madaktari hawakukubaliana kama helmeti ingemwokoa, na ubishi huo ukawapa wakimbiaji pa kujificha. Kesho yake kundi zima lilienda taratibu bila kushindana, wenzake wa timu ya Motorola wakaachiwa wavuke mstari mbele ya wote. Heshima ilikuwa kubwa. Lakini miaka mitatu baadaye Marco Pantani, Mwitaliano mwenzake, alishinda Tour ya 1998 akiwa amejifunga kitambaa kwenye upara wake, na dunia nzima ikakipenda kile kitambaa. Nami nilikuwa nacho.

Kilichovunja mgomo ni Paris–Nice ileile. Tarehe 11 Machi 2003, karibu na Saint-Chamond, Andrei Kivilev wa Kazakhstan, aliyekuwa wa nne kwenye Tour ya 2001, aligongana na wenzake akaanguka kwa kichwa. Hakuwa na helmeti. Alikufa kesho yake, na rafiki yake Alexander Vinokourov ndiye aliyeshinda mbio hizo. Safari hii UCI haikungoja: kuanzia tarehe 5 Mei 2003 helmeti ikawa lazima. Waliwaachia wakimbiaji kijidirisha kimoja, kwamba mbio zikiishia kwenye mlima wa kilomita 5 au zaidi, wangeweza kuivua pale chini na kupanda vichwa wazi. Baadaye nacho kikafungwa. Leo mkimbiaji wa miaka 20 akionyeshwa picha za Pantani huuliza kama ilikuwa mazoezi.

Kwa mbio, basi, neno limekwisha. Ila wateja wangu hawakimbii mbio. Wanabeba mikate, maziwa, magunia ya makaa, na mama mmoja na mtoto wake kwenye keria. Ulaya wanapima helmeti kwa kuiangusha juu ya chuma kwa mwendo wa kilomita 19.5 hivi kwa saa, yaani kama mtu aliyedondoka kutoka kimo cha mita moja na nusu. Hilo ndilo imetengenezewa, na hilo inalifanya vizuri. Haikutengenezewa lori la mchanga.

Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza kuwalazimisha wananchi wa kawaida, tarehe 1 Julai 1990. Helmeti ziliongezeka vichwani, na waendesha baiskeli, hasa vijana, wakapungua barabarani. Waholanzi walikwenda njia nyingine. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliwaua kwao watu wapatao 3,300, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Wazazi wakaandamana wakiita jambo hilo mauaji ya watoto, na miaka iliyofuata nchi ikajenga njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Mpaka leo Mholanzi anaenda kazini kichwa wazi.

Kisa cha Seattle ndicho ninachokirudia zaidi kibandani. Ni huko watafiti walitoa mwaka 1989 ile takwimu iliyozunguka dunia, kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 85. Tafiti za baadaye ziliishusha, lakini hazikuikana kinga yenyewe. Mji ukaja kuwa chini ya sheria ya helmeti. Kisha Februari 2022 bodi ya afya ya King County, kaunti yenye Seattle, ikaifuta, kwa sababu polisi walikuwa wakiitumia zaidi dhidi ya watu wasio na makao na watu weusi. Hakuna aliyesema helmeti ni mbaya. Walitazama nani anasimamishwa.

Hapa kwetu boda boda ilianza na baiskeli, pale mpakani Busia, abiria akivushwa kutoka forodha moja hadi nyingine kwenye keria yenye mto. Hakuna aliyetaja helmeti. Serikali ilipolegeza kodi za pikipiki ndogo mwaka 2008, injini zikameza kazi, na helmeti ikaja na pikipiki. Sheria inamtaka dereva na abiria wake waivae. Ya abiria huning'inia kwenye kioo. Wanawake wanaikataa kwa sababu ya nywele walizosuka kwa pesa, wanaume kwa sababu ya jasho la aliyetangulia na hofu ya mashilingi, na siwezi kusema wanaota. Mtu wa baiskeli ya Black Mamba, mwenye gunia la makaa, hajaulizwa mpaka leo.

Ikija sheria ya baiskeli katika kaunti hii nitaipinga, maana najua mahali askari watakaposimama asubuhi na ni mkate wa nani utakaoshushwa chini. Tengenezeni kwanza ukingo wa barabara. Hata hivyo simkubali anayesema helmeti ni mapambo. Agosti 2022 tulimpoteza Suleiman Kangangi, mtoto wa Eldoret, nahodha wa timu ya Amani, kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani. Siku ile nilisikia watu wakisema, unaona, hata wenye helmeti wanakufa. Hoja hiyo hiyo ingetuondolea chandarua kwa kuwa wapo wanaolala ndani yake na bado wanapata malaria.

Wateja huniuliza kama mimi navaa. Nikitoka mjini, navaa. Mteremko wa kutoka Maseno kuja Kisian unakupa mwendo hata usipoutaka. Kutoka kibandani hadi Kibuye sivai, na mke wangu ananigombeza.