Tairi bapa kwenye chombo kinacholala

Pita kwa fundi tairi yeyote kando ya barabara, pale bodaboda na toyo zinaposubiri zamu, uombe kugusa matairi ya nyuma. La toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, ni bapa. Ukipitisha kiganja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kinakwenda sawa kama juu ya meza. La bodaboda likiwa jipya lina mgongo wa mviringo, mkono unapanda na kushuka. Baada ya miezi ya lami na abiria, mgongo ule huliwa katikati, na pembeni hubaki kingo mbili kali. Hapo dereva atakwambia pikipiki haitaki kona.

Dereva huyo analalamikia tairi lililokuwa bapa kwa kuchakaa. Huko Marekani wapo wenye pikipiki nzito za safari ndefu ambao huondoa kwa hiari tairi la mviringo lililotoka kiwandani, na mahali pake wakaweka tairi la gari dogo. Wanafanya hivyo kwenye gurudumu la nyuma, na wengi wao huapa kwamba hawarudi nyuma. Wenyewe hujiita watu wa upande wa giza, maneno waliyoyachukua kwenye filamu za Star Wars, kwa kuwa wanajua watengenezaji wa pikipiki na wa matairi wote wanawakataza. Ubishi huo umedumu miaka mingi, na chanzo chake ni cha zamani kuliko wanaobishana.

Hapo mwanzo hapakuwa na tairi la gari wala tairi la pikipiki. Mwaka 1845 Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la mpira lenye upepo ndani, lakini halikushika soko, likasahaulika. Mwaka 1887 mjini Belfast, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, alifunga bomba la mpira lililojazwa upepo kwenye magurudumu ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe, na mwaka uliofuata akapata hataza yake. Pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, Hildebrand & Wolfmüller ya Munich, ilitoka mwaka 1894 ikiwa na matairi ya upepo. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Matairi yote hayo yalikuwa ndugu wa tumbo moja: membamba, ya mviringo, yaliyozaliwa na baiskeli.

Siwezi kuandika habari za tairi kwa Kiswahili nikaipita Kongo kimya. Uchu wa mpira uliowashwa na baiskeli, kisha magari, ndio uliowasukuma watu wa Mfalme Leopold wa Pili kuwalazimisha wanavijiji wa Kongo kugema mpira msituni, wengine wakakatwa mikono na wengi mno wakafa, hadi nchi ile ilipoondolewa mikononi mwake mwaka 1908 na kuwa koloni la Ubelgiji. Kila tunaposifu uvumbuzi wa Dunlop, damu hiyo imo ndani ya hesabu.

Tairi la gari na la pikipiki, ndugu wale wa tumbo moja, yalitengana polepole. Gari lilizidi uzito, na katika miaka ya 1920 likapewa tairi nene lenye upepo wa shinikizo dogo. Mwaka 1946 Michelin ikapata hataza ya tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo na juu yake hupita mkanda wa waya za chuma. Mkanda huo hulifanya tairi likanyage chini kwa upana wake wote, kama wayo wa mguu. Gari linapokata kona halilali, linainama kidogo tu, hivyo ubapa ni faida tupu kwake: breki inashika na mpira unaliwa sawasawa.

Pikipiki ina jambo jingine kabisa. Laza mezani kikombe cha kahawa kilicho kipana juu na chembamba chini, kisha ukisukume. Hakiendi moja kwa moja, kinazunguka kuelekea upande wake mwembamba. Tairi la mviringo likilala kwenye kona hufanya vivyo hivyo, maana sehemu inayokanyaga lami ni kama kipande cha koni, na umbo lenyewe linakivuta chombo kuelekea ndani ya kona. Ndiyo maana pikipiki yenye tairi zuri hukata kona kana kwamba imeisoma nia ya dereva. Ukiondoa mgongo ule wa mviringo, umeondoa nusu ya usukani.

Isipokuwa pale ambapo pikipiki hailali. Ukiifungia kibehewa cha pembeni cha kukalia abiria, inakuwa chombo cha magurudumu matatu kinachokata kona kikiwa wima, na tairi la mviringo linageuka hasara, kwa sababu linakanyaga kwa mstari mwembamba tu na kuisha haraka katikati. Wenye vibehewa walilijua hilo mapema, na wengi wao wakahamia matairi ya magari. Hata pikipiki za mashindano zenye vibehewa, zile ambazo abiria wake hujining'iniza nje kwenye kona, siku hizi hukimbia kwa matairi mapana na bapa ya jamii ya magari ya mashindano. Katika hilo hakuna ubishi.

Kwa pikipiki ya magurudumu mawili, mlango ulifunguliwa na namba. Tairi haliingii kwenye rimu ya kipimo kingine hata ulipende vipi. Kuanzia mwaka 1940 Harley-Davidson walitumia nyuma tairi nene la 5.00-16, na namba hiyohiyo ilikuwa ubavuni mwa matairi ya Volkswagen ya mgongo wa kobe hadi mwaka 1952. Kwa hiyo fikra ya kuazima kutoka kwenye gari haikutoka mbinguni, ilikuwa imeandikwa kwenye mpira. Honda Gold Wing ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1975 na injini ya sentimita za ujazo 999, ilikuwa na rimu ya nyuma ya inchi 17, saizi ambayo magari ya wakati ule hayakuitumia sana. Lakini Gold Wing ya mwaka 2001, yenye silinda 6 na sentimita za ujazo 1,832, ilikuja na rimu ya nyuma ya inchi 16 na tairi la 180/60R16. Wakati huohuo maduka yote ya magari yalikuwa yamejaa matairi ya inchi 16. Lile la 195/55R16 likawa chaguo la wengi, hasa la aina yenye kuta ngumu linaloweza kuendelea na safari hata upepo ukiisha.

Hesabu ya mwenye pikipiki hiyo inaeleweka, na simlaumu kwa kuipiga. Chombo chake kina karibu kilo 400 kikiwa na mafuta, na akipanda na mkewe na mizigo, uzito unavuka kilo 500. Tairi lake halali lina alama ya 74 ubavuni, yaani hubeba kilo 375. Lile la gari lina 87, yaani kilo 545. Tairi la pikipiki ni laini ili lishike lami likilala, na ulaini huo ndio unaoliua. Nyuma ya pikipiki nzito, kwa mwendo wa barabara kuu, kilometa 15,000 hadi 20,000 si haba. Waliohamia tairi la gari husimulia mara mbili au tatu ya hapo, kwa bei ndogo zaidi. Katika mashindano ya Iron Butt, yaliyoanza mwaka 1984, dereva huzunguka Marekani zaidi ya kilometa 17,000 kwa siku 11, mwendo unaoweza kulimaliza tairi zima la nyuma la pikipiki nzito. Haishangazi kwamba baadhi ya washiriki wamejikuta upande wa giza.

Lakini hapo namba inaanza kudanganya. Matairi ya magari Marekani hupimwa uchakavu kwenye njia maalumu ya kilometa zipatazo 640 karibu na San Angelo, Texas. Lenye alama ya 400 limekadiriwa kudumu mara nne ya tairi la kipimo lenye alama ya 100. Yote hayo hupimwa chini ya gari, juu ya magurudumu manne yaliyosimama wima. Matairi ya pikipiki hayamo katika mpango huo, na usalama wake hupimwa kwa kanuni nyingine. Ile 87 inayovutia haikuwahi kupimwa ikiwa imelala kwenye kona, mzigo wote ukiwa juu ya bega moja la tairi.

Na bega ndilo linalofanya kazi. Pikipiki yenye tairi la gari ikianza kulala, huanza kwa kukataa. Ubapa unataka kuisimamisha, na dereva analazimika kusukuma usukani kwa nguvu, na aendelee kusukuma kona nzima. Akilegeza mkono, chombo kinainuka na kutoka nje ya mstari wake. Ikiendelea kulala, ukuta wa tairi unajikunja na bega linashika lami. Wenye uzoefu husema bega hilo hushika vizuri kuliko watu wanavyodhani, tena wengi hupunguza au kuongeza upepo mpaka wapate kipimo kinachowaridhisha. Nawaamini kwa kadiri ya barabara wanazopita. Penye mifereji iliyochimbwa na malori, hata hivyo, tairi pana hufuata ukingo wa mfereji, na mkia wa pikipiki unatikisika chini ya dereva ambaye hakufanya lolote. Katika mstari mnyoofu, kwenye breki, ndipo tairi la gari linapopata sifa yake ya haki.

Lipo pia jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Zamani tairi lilikuwa na tyubu, na tyubu ndiyo iliyoshika upepo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 pikipiki kama Honda CX500 zilileta tairi lisilo na tyubu, na tangu hapo ukingo wa tairi wenyewe, ule wenye waya ndani, ndio unaoziba upepo dhidi ya rimu. Rimu ya pikipiki na rimu ya gari hazikuchongwa sawa pale ukingo unapokaa, hata kama zote zinaitwa inchi 16. Fundi hupaka maji ya sabuni, hujaza upepo, na hungoja mlio wa ukingo kuruka na kukaa mahali pake. Kwa tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki, mlio huo wakati mwingine haufiki mpaka upepo uwe mwingi kupita kiasi. Maelekezo ya Honda yanaonya wazi kwamba tairi la gari linaweza lisikae vema kwenye rimu, likateleza na kutoa upepo chombo kikiwa mwendoni. Kilometa zilizookolewa hazina bei siku hiyo.

Kwetu, bodaboda za rimu nyembamba za inchi 17 na 18 zimeepushwa na kishawishi hicho, kwani hakuna tairi la gari linalozikaa. Hatari yetu ni ile niliyoanza nayo: tairi halali la pikipiki lililoachwa mpaka likawa bapa lenyewe. Dereva anayelala kwenye kona juu yake hana hata kuta ngumu wala mifereji yenye kina ya matairi ya wale wa upande wa giza, ana kipara chenye kingo mbili. Ndugu dereva, usingoje waya zitokeze. Pitisha kiganja kesho asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, na kama mgongo wa tairi umekwisha, libadilishe. Tairi bapa tuziachie toyo, ambazo wengi huzifungia nyuma lile la 5.00-12 lililotengenezwa kwa vigari vya mizigo vya jamii ya Kirikuu. Zina magurudumu matatu, hazilali, na linazifaa.