Uanagenzi viwandani: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuwapokea wanafunzi

Mtaa wa Mukuru kwa Reuben, katika eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, umepakana na Eneo la Viwandani. Wakazi wake wengi huenda kwa miguu hadi kwenye malango ya viwanda kutafuta vibarua.

Kibarua humpa kijana ujira wa siku, lakini hakimpi ujuzi unaotambulika wala cheti. Pengo hilo ndilo mpango wa kuwapokea wanafunzi kazini hukusudia kuliziba.

Mipango hiyo ni ya aina tatu. Mafunzo ya nyanjani ni ya mwanafunzi ambaye bado yumo chuoni na anayahitaji ili akamilishe kozi yake. Uanagenzi wa mhitimu ni wa aliyekwisha kufuzu na anatafuta tajriba. Uanagenzi wa ufundi nao huendeshwa kwa mkataba kati ya mwajiri na anayejifunza kazi. Mwajiri sharti aamue mapema anaanzisha upi, kwa sababu wajibu wake hutofautiana.

Sheria ya Ajira na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, zote za mwaka 2007, humhesabu mwanagenzi wa mkataba kuwa mfanyakazi. Mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani hakutajwa bayana katika fasili hiyo. Kwa hivyo suala la bima yake lafaa litatuliwe na chuo kabla ya siku ya kwanza, si baada ya ajali kutokea.

Msimamizi wa mafunzo haya ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, iliyoundwa kupitia marekebisho ya sheria ya mwaka 2011. Makao yake makuu yako katika Eneo hilo hilo la Viwandani. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anayeulipa huweza kuomba kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa.

Hatua ya kwanza ni kubainisha idara zenye kazi ya kufundisha. Ya pili ni makubaliano ya maandishi na chuo kuhusu muda, saa za kazi na namna ya kumtathmini mwanafunzi.

Kisha ateuliwe msimamizi mmoja, naye apunguziwe majukumu mengine ili apate nafasi ya kufundisha. Mwanafunzi azungushwe katika idara mbalimbali kwa ratiba, na daftari lake la kumbukumbu litiwe sahihi kila wiki. Buti, glavu na maelezo ya usalama hutangulia mashine.

Marupurupu ndiyo hoja inayozua ubishi mkubwa. Kijana wa Mukuru huenda asihitaji nauli, lakini akiingia katika mafunzo yasiyo na malipo huacha kibarua kinacholisha nyumba yao. Mpango usiolipa chochote, hata ukiwa wazi kwa wote, hatimaye huwachagua wale ambao wazazi wao wanaweza kuwakimu.

Mradi wa kuwawezesha vijana ulioanzishwa mwaka 2010 na serikali, Benki ya Dunia na Muungano wa Sekta ya Kibinafsi, KEPSA, ulilizingatia jambo hilo. Vijana wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walipewa mafunzo, wakapelekwa kwa waajiri, na wakalipwa posho.

Kuna pia hatari ya kiwanda kuwatumia wanafunzi badala ya vibarua. Kipimo chake ni chepesi: mwanafunzi akikosa kufika siku moja na kazi ikakwama, basi anafanya kazi ya mwajiriwa na anastahili mshahara.

Muda ukiisha, apewe barua inayotaja mashine alizotumia na kazi alizozimudu. Barua isemayo tu kwamba alikuwepo na alikuwa na nidhamu haitamsaidia kwa mwajiri mwingine.