Hina: Rangi ya Arusi, Dawa ya Wazee

Wengi wetu tunaijua hina kwa mikono ya bibi-arusi tu. Lakini wazee waliihesabu pia kati ya dawa. Neno lenyewe ni la Kiarabu, kama maneno mengi yaliyotufikia Maniema pamoja na wafanyabiashara wa Zanzibar waliokaa Nyangwe na Kasongo mpaka 1893. Mbele ya pale, Ibn Sina, munganga mkubwa aliyekufa 1037, alikuwa ameiandika hina katika kitabu chake cha dawa.

Ginsi ya kuitumia si ngumu: majani yanakaushwa, yanatwangwa, yanachanganywa na maji. Wamama wanaipaka kwenye visigino vilivyopasuka na katikati ya vidole vya miguu vinavyowasha; wengine kwenye paji la uso, juu ya kichwa kuuma. Wenye kupima dawa wameona kwamba ile rangi yake, lawsoni, inazuia kuvu fulani.

Lakini tusifiche hatari. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa G6PD katika damu, na ni wengi kwenye inchi za malaria kama yetu. Mutoto mchanga wa namna ile akipakwa hina, damu yake inaweza kuvunjika, anageuka manjano, hata kufa. Na ile "hina nyeusi" ya kutiwa kemikali inaunguza ngozi.

Basi tuilinde desturi yetu, lakini hina ibaki kwa wakubwa. Mutoto mchanga tusimpake hata kidogo.