Nyungu, Mvuke na Vipimo: Dawa za Majani kutoka Dakawa hadi Maabara

Katika nyanda za Dakawa, kando ya Mto Wami, na katika miteremko ya Milima ya Uluguru iliyo kusini yake, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, homa na mafua hutibiwa kwa nyungu, ambayo ni chungu cha majani yaliyochemshwa anachokiinamia mgonjwa akiwa amefunikwa blanketi ili avute mvuke. Majani yanayopendelewa, kama vile kivumbasi, mchaichai na mkaratusi uliokuja kutoka ng'ambo, yanafanana kwa jambo moja: yana mafuta ya harufu, yaani mafuta yanayopaa upesi hewani.

Mafuta hayo hayachanganyiki na maji, na kwa sababu hiyo hupanda pamoja na mvuke kabla ya kufikia joto lake lenyewe la kuchemka. Eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, huchemka peke yake kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi, lakini chunguni hutoka maji yakiwa hayajavuka nyuzi 100. Hivyo dawa ya kunywa inayotokota bila kifuniko hupoteza sehemu kubwa ya kile ambacho blanketi la nyungu humkusanyia mgonjwa. Waganga wa China, walioijua hasara hiyo, waliweka kanuni ya kutanguliza mizizi na magome, kisha kutia nanaa dakika chache tu kabla ya kuepua.

Kwa karne nyingi kipimo cha mafuta hayo kilikuwa pua. Mwaka 1928 mtafiti Clevenger alieleza kifaa cha kioo kinachopoza mvuke, kurudisha maji chunguni na kuyaacha mafuta yapande katika mrija wenye alama, hata kiasi chake kikasomeka kwa macho. Nchini Tanzania, kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1981 watafiti Chogo na Crank wakachapisha uchunguzi wa mafuta ya kivumbasi cha Tanzania, wakionyesha kuwa yana eujenoli na kwamba hufukuza mbu. Tangu mwaka 1987 madaktari wa China walishirikiana na Muhimbili kuwapa wagonjwa wa UKIMWI dawa za mitishamba, na Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Hata hivyo, kupima mafuta ya jani si kupima dawa iliyomo kikombeni, kwa kuwa muda wa kuchemsha, kifuniko na umri wa jani hubadilisha kiasi kinachomfikia mgonjwa. Wala wingi wa mafuta si ushahidi wa kuponya. Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 2020, Rais John Magufuli alipohimiza kujifukiza wakati wa UVIKO-19, ilhali haikuwa imethibitishwa kwamba mvuke huangamiza kirusi ndani ya mwili. Tathmini kamili ya dawa ya majani, basi, haina budi kulifuata jani kutoka shambani hadi chunguni, na kutoka chunguni hadi kwa mgonjwa.