Aina Tatu za Dawa za Usingizi na Safari ya Kurudi Butiama

Upasuaji wa makengeza si mkubwa. Jicho lenyewe halifunguliwi. Daktari hupasua utando mwembamba wa juu, huutafuta msuli mmoja au miwili kati ya sita inayolizungusha jicho, huukata pale uliposhika na kuushona mbele au nyuma kidogo. Mtu mzima anaweza kuvumilia kazi hiyo kwa sindano ya ganzi akiwa macho. Mtoto wa miaka minne hawezi, ni lazima alale kabisa. Ndiyo maana mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayepewa barua ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza, mara nyingi haogopi wembe. Anaogopa nusukaputi. Ana haki ya kuuliza mtoto atalazwa kwa dawa gani, maana dawa hizo zina asili tofauti, na kila moja hutoza gharama yake mahali pake.

Fani ya usingizi ina mapokeo makubwa matatu. La kwanza ni la mvuke. Halotheni ilitengenezwa na Charles Suckling katika kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka 1951, na kufikia 1956 Michael Johnstone alikuwa akiitumia kwa wagonjwa Manchester. Watu wa Oxford, wakiongozwa na Robert Macintosh, walikuwa wamejenga vyombo vya mvuke ambavyo mgonjwa huvuta kwa pumzi yake mwenyewe, bila umeme wala mitungi ya gesi, na vyombo vya ukoo huo vikaenea katika hospitali nyingi za Afrika. Baadaye ikaja sevoflureni, iliyoanza kutumika Japani mwaka 1990. Harufu yake haikeri, na mtoto hulala kwa kuvuta pumzi chache tu kabla hajaonyeshwa sindano.

Pokeo la pili ni ketamini. Guenter Corssen na Edward Domino waliijaribu kwa binadamu huko Michigan katikati ya miaka ya 1960. Mgonjwa huondokewa na maumivu na fahamu lakini huendelea kupumua mwenyewe, na moyo wake haulegei. Inaweza kuchomwa kwenye msuli wa paja pale mshipa unapokosekana. Mwaka 2015 China ilipendekeza ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa wa dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani lilipinga, kwa sababu katika hospitali nyingi za wilaya duniani kuiondoa ni kuufunga mlango wa thieta.

La tatu ni propofoli, maji meupe kama maziwa yanayopita kwenye mshipa, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1986. Ukitaka kumlaza mtoto kwa propofoli peke yake hadi mwisho wa upasuaji, unahitaji pampu inayosukuma dawa kwa kipimo, umeme usiokatika, na mtu aliyezoea kazi hiyo. Chupa ikishafunguliwa haiwekwi kwa ajili ya kesho, kwani mafuta yaliyomo hulisha vijidudu.

Sasa tuzilinganishe mbele ya jicho lenyewe. Msuli wa jicho ukivutwa, hasa ule wa upande wa pua, taarifa hupanda kwa mshipa wa fahamu wa tano hadi ubongoni, ikashuka kwa mshipa wa kumi hadi moyoni, na moyo ukapunguza mwendo ghafla. Mara chache husimama kwa sekunde kadhaa. Bernhard Aschner na Giuseppe Dagnini walilieleza jambo hili mwaka 1908, na watoto hupatwa nalo zaidi kuliko watu wazima. Tiba ya kwanza haina gharama: daktari anaambiwa aachie msuli. Ikibidi, inafuata atropini, dawa ya kuinua mapigo. Hapa propofoli ina udhaifu, kwa kuwa huongeza kushuka huko kwa mapigo. Halotheni nayo haiaminiki, hasa daktari akidondosha adrenalini jichoni ili kuzuia damu, maana viwili hivyo vikikutana moyo unaweza kupiga ovyo. Sevoflureni ni pole zaidi. Ketamini, inayodharauliwa kama dawa ya hospitali zisizo na kitu, ndiyo huulinda moyo vizuri kuliko zote. Dharau hiyo haina msingi.

Hata hivyo ketamini peke yake siipendelei kwa kazi hii. Macho ya aliyelazwa kwa ketamini hubaki wazi na huchezacheza, na daktari anayepima kwa milimita anahitaji jicho lililotulia. (Kwa sababu hiyo hiyo suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, hukwepwa: badala ya kulegeza misuli ya jicho huikaza, na kipimo cha daktari kinapotoka.) Kuamka nako kuna taabu zake. Ketamini huleta njozi. Sevoflureni huamsha haraka, lakini mtoto mara nyingi huamka na kiwewe, anarusha miguu, hamtambui mama, mkono unakimbilia jicho lenye nyuzi. Propofoli huamsha kwa utulivu.

Halafu kuna kutapika. Vitabu vingi huliweka jambo hili mwishoni, kana kwamba ni usumbufu tu wa wodini. Kwa mtoto wa mkoa wa Mara naliweka karibu na mwanzo. Upasuaji wa makengeza ni miongoni mwa aina za upasuaji zinazotapisha watoto zaidi. Bila kinga, tafiti nyingi zimekuta karibu nusu yao wakitapika, nyingine zaidi ya nusu. Mvuke huongeza, ketamini huongeza, propofoli hupunguza. Mtoto wa London hurudishwa nyumbani siku ileile, na akitapika usiku, hospitali iko jirani. Mtoto wa Butiama anapanda basi Mwanza, anapita Magu, Lamadi na Bunda, anafika Makutano, kisha anatafuta usafiri mwingine. Ni zaidi ya kilomita 200 za joto na mtikisiko. Kila anapojikaza kutapika, shinikizo hupanda kichwani na jicho lenye kidonda huuma. Maji yanamwisha mwilini, na dawa ya maumivu aliyomeza imetoka. Mama anadhani upasuaji umeharibika.

Kwa hiyo mpangilio wangu hautokani na bei ya mashine. Penye pampu na mtu aliyeizoea, propofoli, huku atropini ikiwa imeshavutwa kwenye bomba. Pasipo hivyo, sevoflureni, na kabla daktari hajamaliza kushona mtoto awe amepata deksamethasoni pamoja na ondansetroni. Dawa hizi mbili zikitumika pamoja hupunguza kutapika kuliko mojawapo ikiwa peke yake, na ya kwanza ni ya bei nafuu mno. Chumba chenye mvuke na deksamethasoni kinaweza kumhudumia mtoto wa safari ndefu vizuri kuliko chenye mashine ya kifahari ambako hakuna aliyeuliza anatoka wapi. Katika kila njia, kidoleni kiwepo kipimo cha oksijeni, kifaa kilichozaliwa Japani kwa ubunifu wa Takuo Aoyagi mwaka 1974. Pembeni awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni usingizi tu. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa usingizi linataka wataalamu wa usingizi wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000, na Tanzania bado iko mbali sana na hapo.

Mengine yanaanzia nyumbani Mara. Selimundu ni nyingi Kanda ya Ziwa, na mtoto mwenye selimundu akikaa bila maji, akipata baridi thietani au oksijeni ikishuka, anaweza kuingia kwenye maumivu makali. Apimwe Musoma au Bunda kabla ya safari, na majibu yaandikwe kwenye barua ya rufaa. Uji na chai ya maziwa ni chakula: viishe saa 6 kabla ya usingizi. Maziwa ya mama ni saa 4. Maji matupu anaruhusiwa hadi saa 2 kabla, na anyweshwe kweli, asishindishwe na kiu tangu usiku. Akiwa na kikohozi au mafua mazito, safari iahirishwe kwa wiki kadhaa. Lakini mboni ikionekana nyeupe, jambo hilo halingoji, kwa sababu makengeza yanaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya jicho, na mtoto wa namna hiyo asafiri wiki hiyohiyo.